KWA NINI MAJI YA PISINI HAYAOZI, NA YA SITERNI YETU YANANUKA?

Somo la afya na kemia, kwa madarasa yote



Siku chache nyuma ya likizo kubwa, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisimama darasani na kuuliza swali. Wakati wa likizo alikuwa kwa baba yake mdogo huko Bujumbura, na siku moja baba mdogo alimpeleka kuona pisini ya hoteli, ndilo bwawa la kuogelea. Mwanafunzi akasema hivi:

«Mwalimu, ile pisini batu mingi banaingia kila siku, batoto banaruka ndani, na jua ya Bujumbura iko kali. Lakini maji iko bluu, unaona mpaka chini, na haina harufu ya kuoza. Siterni yetu ya masomo, hakuna mutu anaingia mule, iko na kifuniko, na huku kwetu ni baridi. Lakini nyuma ya mwezi moja maji inanuka. Juu ya nini?»

Darasa likacheka, kwa kuwa walifikiri ni swali la mchezo. Mimi sikucheka. Ni swali zuri kupita mengi niliyosikia mwaka huu, na sikuweza kulijibu lote kwa dakika 5 zilizobaki mbele ya kengele. Ndiyo maana naandika katika gazeti letu. Tena mvua zimeanza. Siterni inajaa maji mapya, na maji hayo tutayanywa sisi sote, watu wa interna na walimu pia. Kwa hiyo jibu la swali hili si habari ya Bujumbura tu, ni habari ya kikombe chako.

1. Maji yaliyosimama

Maji ya mto yanapita. Uchafu ukiingia mtoni, mto unaubeba na kuupelekea jirani wa chini. (Hiyo si sababu ya kunywa maji ya mto Mwana bila kuyachemsha, maana sisi pia tuna majirani wa juu!) Lakini maji yaliyosimama hayana pa kupeleka kitu. Vumbi, majani, mavi ya ndege, wadudu waliokufa, jasho la watu, vyote vinaingia na kubaki. Kitu kimoja tu kinatoka: mvuke. Jua linapandisha maji juu, uchafu unabaki chini. Kwa hiyo kila siku maji yanapungua na uchafu unazidi.

Sasa fikiri juu ya joto. Vijidudu vingine, wakipata joto na chakula cha kutosha, wanaweza kugawanyika mara mbili katika kila dakika 20. Kijidudu kimoja kinakuwa 2, kisha 4, kisha 8. Saa 10 ni mara 30 za kugawanyika. Fanyeni hesabu ya 2 kwa nguvu ya 30, mtaona inapita milioni elfu moja. Kwa kweli chakula kinaisha mbele ya kufika pale, lakini hesabu inaonyesha kwamba maji ya asubuhi si maji ya jioni.

Bujumbura iko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye mita karibu 770 tu juu ya bahari, na mchana joto linafika digrii 30. Bukavu iko karibu mita 1500, na milima yetu ya Luhwindja inapita pale sana. Kama joto peke yake lingeamua, pisini ile ingeoza mbele ya siterni yetu. Basi, kuna kitu kingine. Pisini ina mlinzi. Siterni yetu haina.

2. Kazi ya mlinzi wa pisini

Watu wengi wanafikiri mlinzi wa pisini anatia dawa tu, kisha anaenda kulala. Hapana. Anafanya kazi tatu, na anazifanya kwa mstari wake.

Kwanza, anazuia na kuondoa uchafu. Kila asubuhi anatoa majani kwa wavu mrefu, anasugua kuta kwa brosi, anafyonza matope ya chini. Tena anawaambia watu waoge kwa sabuni mbele ya kuingia.

Pili, anachuja. Pompi inavuta maji na kuyapitisha ndani ya pipa kubwa lenye mchanga. Mchanga unakamata vumbi, na maji yanarudi safi. Mashine inapashwa kuwa na nguvu ya kuzungusha maji yote ya pisini mara moja katika saa 6 mpaka 8 hivi. Pisini yenye watu wengi inazungushwa haraka zaidi. Mchanga ukijaa uchafu, mlinzi anarudisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, ili kuuosha. Kwa hiyo yale maji ya pisini, yanayoonekana yamesimama, kwa kweli yanatembea kama mto.

Tatu, ndipo anatia dawa, ndiyo kloro. Na anaipima kila siku. Hatii kwa kubahatisha.

Shikeni mstari huu: kuondoa, kuchuja, kutia dawa. Mtu akianza na la tatu, anatupa feza na anajidanganya.

3. Kloro ni nini?

Mwaka 1774 mwanakemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipata gazi ya rangi ya kijani-manjano yenye harufu kali. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba ni elementi, akaiita kloro, kutoka neno la Kigiriki la rangi ile. Mfaransa Berthollet, mwishoni mwa karne ya 18, aliichanganya na maji yenye magadi ili kuwa dawa ya kufanya nguo nyeupe. Ilitengenezwa mahali panapoitwa Javel, karibu na Paris. Ndiyo sababu mama zetu sokoni wanaita chupa ile Javel mpaka leo.

Zamani kloro ilitumiwa hasa kwa nguo. Lakini mwaka 1902, katika mji wa Middelkerke huko Ubelgiji, walianza kuitia kila siku ndani ya maji ya kunywa ya mji. Mwaka 1908 Jersey City, huko Marekani, ulifanya vilevile, na miji mingi ikafuata. Homa ya matumbo, ndiyo tifoide, ikapungua sana mahali pale.

Siku hizi tunapata kloro kwa namna mbili: maji ya Javel, na unga mweupe au chembe zinazoitwa HTH, ndiyo hipokloriti ya kalsiamu, ambamo kloro inayofanya kazi ni kama gramu 65 mpaka 70 katika gramu 100. Unga ukiingia majini, hufanyika hivi:

Ca(ClO)2 + 2 H2O → 2 HClO + Ca(OH)2

HClO ndiyo askari wetu. Anaingia ndani ya kijidudu na kukiua. Lakini askari huyu hachagui adui. Akikutana na jani linalooza, anapigana nalo. Akikutana na matope, jasho, mkojo, mavi ya ndege, anapigana navyo vyote, na katika kila vita anakwisha. Kama uchafu ni mwingi, askari wote wanakwisha mbele ya kufika kwa vijidudu. Ile kloro inayobaki nyuma ya vita tunaiita kloro huru, na hiyo ndiyo inayolinda maji kesho. Katika pisini inapashwa kubaki miligramu 1 mpaka 3 katika kila litri. Katika maji ya kunywa, nyuma ya dakika 30 za kungojea, ibaki angalau miligramu 0,5 kwa litri.

4. Maadui watatu wa kloro katika nchi ya joto

Adui wa kwanza ni jua. Mwangaza wa jua unavunja kloro. Katika bwawa lililo wazi, jua kali linaweza kula nusu yake katika muda wa saa moja hivi. Kwa hiyo mlinzi mwenye akili anatia dawa jioni, watu wakiisha kutoka. Wengine wanaongeza dawa nyingine, asidi sianuriki, inayofanya kivuli kwa kloro. Vilevile chupa ya Javel iliyowekwa juani dukani inapoteza nguvu yake. Mnunue ile iliyokaa kivulini, na msiikalishe mwaka mzima.

Adui wa pili ni pH. Mnakumbuka somo letu: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi. Kwenye pH 7,5 karibu nusu ya kloro iko katika umbo la HClO lenye nguvu. Kwenye pH 8,5 inabaki kama sehemu moja tu kwa kumi. Kwa hiyo mtu anaweza kutia dawa nyingi na isifanye kazi! Maji ya pisini yanawekwa kati ya 7,2 na 7,8. Tena tazameni equation ya juu: HTH inaacha Ca(OH)2, ndiyo chokaa, na chokaa inapandisha pH. Ndiyo maana mlinzi anapima vyote viwili, kloro na pH.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Hapa nitasema jambo litakalowashangaza. Ile harufu kali inayochoma macho katika pisini zingine, ambayo watu wanaiita «harufu ya kloro», haionyeshi kwamba kloro ni nyingi. Ni kloro iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa watu, ikawa kitu kingine kinachoitwa kloramini, chenye nguvu kidogo na harufu nyingi. Pisini iliyotunzwa vizuri karibu haina harufu. Pua inadanganya. Lazima kupima.

5. Kosa langu mwenyewe

Jambo hili la pua nililijifunza kwa uchungu. Miaka mingi imepita, nilikuwa mwalimu kijana kwenye masomo mengine, mbali na hapa. Kiangazi kilikuwa kirefu, kisha mvua kubwa ikanyesha usiku mmoja. Siterni ikajaa maji ya rangi ya chai. Mkubwa wa masomo akaniuliza: «Mwalimu wa kemia, tufanye nini?» Nami nikajibu kwa majivuno: «Lete Javel.» Nikamimina chupa mbili bila kupima. Harufu ikatoka kali sana. Nikanusa, nikasema: «Sasa dawa imeingia vizuri, kunyweni.»

Nyuma ya wiki mbili hivi, wanafunzi 7 wa interna walilala kwa homa na maumivu ya tumbo. Munganga wa kituo cha afya alisema ni tifoide. Wote walipona, lakini mmoja alikosa egzameni na kurudia mwaka. Siwezi kuapa kwamba ni siterni iliyowapa ugonjwa. Lakini tulipoiondoa maji, chini tulikuta matope ya kufika kwa kifundo cha mguu, na ndege wawili waliokufa. Dawa yangu yote ililiwa na matope yale na mavi ya ndege yaliyotoka juu ya paa. Ile harufu niliyojivunia ilikuwa harufu ya dawa iliyokwisha kushindwa.

Nilianza na kazi ya tatu, nikaacha ya kwanza na ya pili. Ndiyo sababu nawaambia.

6. Jibu la swali: siterni yetu

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa mwaka wa pili. Siterni yetu ina mambo mawili mazuri kupita pisini: ina kifuniko, basi jua haliingii kula dawa, na ndani ni giza, basi yale majani madogo ya kijani yanayoitwa alge hayawezi kuota, kwa kuwa yanataka mwangaza. Lakini paa letu ni kama sahani kubwa. Kiangazi chote linakusanya vumbi la barabara, majani na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza inaosha sahani hiyo, na maji ya kuoshea yanaingia siterni. Uchafu unashuka chini na kuoza pale pasipo hewa. Ile harufu ya yai bovu ni gazi inayotoka katika kuoza huko. Hakuna anayezuia, hakuna anayechuja, hakuna anayepima. Hilo ndilo jibu.

Tufanye nini? Hatuna pompi wala pipa la mchanga. Lakini kazi tatu zinawezekana kwa mikono yetu.

a) Mbele ya mvua kubwa: kufagia paa na mifereji. Mvua ya kwanza nyuma ya kiangazi, ondoeni bomba la mfereji, maji yamwagike nje mpaka yatoke meupe. Kisha ndipo rudisheni bomba.

b) Kwenye mdomo wa bomba: kufunga wavu mwembamba wa kukamata majani. Wavu huo unazuia pia mbu. Katika joto kama la Bujumbura, yai la mbu linakuwa mbu mzima kwa siku 10 hivi au pungufu; huku kwetu inachukua siku zaidi, lakini anafika tu.

c) Mara moja kwa mwaka, siterni ikikaribia kukauka: kutoa matope yote na kusugua kuta kwa brosi. Kisha kuosha kuta kwa maji ya kloro: gramu 3 za HTH katika ndoo ya litri 10. Ngojeni dakika 30, suuzeni, mwageni maji yale. Anayeingia ndani asiwe peke yake hata siku moja. Kifuniko kiwe wazi tangu asubuhi, mwenzake asimame juu na kamba, na yule wa ndani akisikia kizunguzungu atoke mara moja.

d) Kuchota kwa robine tu. Yule anayefungua kifuniko na kutumbukiza bido yake analeta ndani uchafu wa mikono yake na wa ardhi alipoliweka lile bido. Robine ikae juu kidogo ya sakafu ya siterni, upana wa kiganja, ili matope yabaki chini.

e) Ndipo dawa, kwa hesabu.

7. Hesabu ya dawa

Siterni ya duara yenye upana wa mita 2 na maji ya kimo cha mita 2 ina:
3,14 × 1 × 1 × 2 = 6,28 mita za ujazo.
Tunataka miligramu 2 kwa litri, ndiyo gramu 2 kwa mita moja ya ujazo:
6,28 × 2 = 12,56 gramu za kloro.
HTH yetu ina 70 kwa 100, basi: 12,56 : 0,70 = karibu gramu 18.

Gramu 18 tu! Mnaona kwamba si jambo la feza nyingi. Ni jambo la mizani ya labo na mtu mwaminifu. Yeyusheni unga kwanza ndani ya ndoo ya maji, acheni chokaa ishuke chini, kisha mimineni yale maji ya juu ndani ya siterni. Ngojeni dakika 30 na zaidi, pimeni. Kama kloro huru haikubaki, msiongeze ovyo. Jiulizeni kwanza: uchafu uko wapi?

Nyumbani, kwa bido la litri 20 lenye maji meupe, tunataka miligramu 40 za kloro. Katika dawa ya 1 kwa 100 kila mililitri ina miligramu 10. Basi mililitri 4 zinatosha. Kama maji ni ya matope, yaacheni yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha tieni mililitri 8. Kama hakuna dawa, chemsheni. Lakini kumbukeni, kwenye mita 2000 maji huchemka kwa digrii 93 hivi, wala si 100. Basi msitoe sufuria motoni kwa povu la kwanza. Acheni yachemke kwa nguvu dakika 3.

Angalisho kwa wote: unga unatiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya unga. Msichanganye kamwe kloro na asidi, wala na dawa nyingine ya kusafishia vyoo. Gazi inayotoka inaharibu mapafu. Unga ukae mahali pakavu, mbali na mafuta na moto, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja.

8. Pisini zetu za hapa

Mtu atasema: «Lakini sisi hatuko na pisini.» Tunazo. Ya kwanza ni birika la ubatizo, mahali makanisa yetu yanapolijenga badala ya kwenda mtoni. Watu makumi wanaingia ndani yake asubuhi moja. Hiyo ni pisini kamili! Afadhali lijazwe siku ya posho jioni, litumiwe siku ya Mungu, kisha litolewe maji, lisuguliwe na kuachwa likauke. Birika kavu halizai mbu wala harufu. Na mwenye kuhara angoje mpaka apone; hiyo ni heshima kwa ndugu zake wanaoingia nyuma yake.

Ya pili ni mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, yaliyojaa maji ya mvua. Watoto wanapenda kuogelea pale. Hapa nasema kwa nguvu: msiingie. Kuta zake ni za udongo laini, zinaanguka, na chini hakujulikani. Tena, mahali ambapo watu wanatumia zebaki kukamatia dhahabu, maji na matope vinaweza kuwa na sumu. Kloro haiondoi zebaki. Kuchemsha hakuiondoi pia, na mvuke wake ni hatari kwa kuvuta. Kloro inaua vijidudu, haiondoi sumu. Maji ya namna ile hayana dawa yetu, yanataka kuachwa.

9. Maji meupe si maji safi

Mwezi wa 7 mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walifika Goma katika siku chache. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, ilikuwa vigumu kuchimba vyoo. Watu walichota maji ya ziwa Kivu, ziwa hilihili la Bukavu, ambalo kwa macho ni zuri na jeupe. Kolera ikaingia, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50 000 walikufa. Walimu, mabibi, wanafunzi wa umri wenu. Wengi wao wangepona kwa maji safi, chumvi na sukari vilivyochanganywa vizuri, na wengi zaidi wasingeugua kabisa kama kloro ingefika mbele ya ugonjwa.

Ndiyo sababu, wakati kolera inapotokea Goma, Bukavu au Uvira, mnaweza kuona watu wa kujitolea wakisimama kando ya ziwa na sindano mkononi, wakitia kloro katika kila bido linalopita. Wengine wanawacheka. Mimi nawaita walinzi. Wanafanya kwa bido kile ambacho mtu wa Bujumbura anafanya kwa pisini ya matajiri. Na mimi nauliza: ikiwa maji ya kuchezea yana mlinzi wa kila siku, je, maji ya kunywa ya watoto wa masomo yasiwe naye?

Namwomba Bwana Prefe, na wakubwa wa interna, wakubali tuchague wanafunzi 4, wavulana 2 na wasichana 2, wawe walinzi wa siterni mwaka huu. Mimi nitawafundisha kupima. Yule aliyeuliza swali awe wa kwanza, maana mwenye kuuliza ndiye aliyeona. Na daftari litundikwe karibu na robine, kila mtu asome: tarehe, maji yamefika wapi, kloro huru, pH, jina la aliyepima.

MASWALI (jibuni katika daftari, mlete kwa mwalimu mbele ya siku ya posho)

1. Birika lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na maji ya kimo cha mita 1. Tafuteni gramu za HTH ya 70 kwa 100 za kupata miligramu 2 kwa litri.

2. Pisini ina mita 25 kwa 10, na kimo cha kati cha mita 1,5. Pompi inasukuma mita za ujazo 50 kwa saa. Inachukua saa ngapi kuzungusha maji yote? Je, inatosha?

3. Mtu anasema: «Maji inanuka Javel sana, basi iko safi.» Mjibuni kwa mistari 5.

4. Kwa nini alge wanaota katika pisini iliyoachwa lakini si katika siterni yenye kifuniko?

5. Nendeni nyumbani, tazameni mahali familia inapoweka maji ya kunywa. Andikeni nani anachota, kwa chombo gani, na chombo hicho kinalala wapi. Hapa msinipe jibu la kitabu. Nipeni mlichoona.

Mwalimu wenu wa kemia